Mkaguzi wa Makofi na Watu wa Ghalani

Nchi ninayoisimulia haipo. Ukiitafuta kwenye ramani utachosha macho bure, na ukidhani umeiona, hiyo ni siri yako na ramani yako. Jina inalo, tena refu, lenye neno "Tukufu" mara mbili ndani yake, ila mimi silitaji kwa sababu za kiafya. Afya yangu mwenyewe.

Katika nchi hiyo watu walipiga makofi kwa utaratibu. Msicheke. Nyinyi kwenu mtu akifurahi hupiga, akichoka huacha, mambo ovyo ovyo tu. Wenzenu walikuwa na Wizara ya Shangwe, ndani ya wizara kulikuwa na Idara ya Makofi, na ndani ya idara kulikuwa na bwana mmoja mwembamba, mwenye masikio yaliyokizidi kichwa kidogo, aitwaye Fikirini Mandondo. Cheo chake kilikuwa Mkaguzi Mkuu wa Makofi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila penye hotuba, Fikirini alipanda kwenye kijukwaa chake na bendera mbili. Akiinua ya kijani, umati unapiga. Akiinua nyekundu, umati unakoma, hata kama mtu kofi lake liko njiani. Katikati ya kijani na nyekundu yeye alisikiliza. Masikio yake yalihesabiwa kuwa mali ya taifa, na alikatazwa kuogelea bila kibali.

Miaka kumi na tisa ya kazi ilimfundisha kwamba makofi hayafanani. Kuna kofi la fulana: linaanza kwa kishindo, halafu linalegea, mtu anapokumbuka kuwa fulana keshapewa na hanyang'anywi. Kuna kofi la pilau, la haraka haraka, mpigaji shingo kaielekeza kwenye masufuria. Kuna kofi la woga, na hilo wizara ililipenda kuliko yote, maana ni kavu, limenyooka na halichoki. Mwongozo wa idara ulitaja na aina ya nne, kofi la moyo, lakini Fikirini hakuwahi kulisikia. Alidhani limewekwa pale kujaza ukurasa.

*

Sasa basi, pembezoni mwa mji mkuu, Mtaa wa Viwandani, palikuwa na ghala la pamba. Pamba yenyewe ilikwisha zamani, siku ile serikali ilipotangaza mwaka wa pamba. Ghala likabaki na mabati, popo na upepo. Wakaingia watu wakaanza kukaa humo chini juu ya magunia, kila alfajiri kabla ya kazi na kila alasiri baada ya kazi: vinyozi, wauza mkaa, mwalimu wa hesabu, mafundi cherehani, akina mama wa sokoni. Walijiita Waitikaji. Kiongozi wao alikuwa Bi Mashavu, mama mnene aliyestaafu posta, ambako alipiga mihuri barua za watu kwa miaka thelathini.

Ibada yao haikuwa na mambo mengi. Bi Mashavu alitikisa kayamba, akasema, "Asante kwa pumzi." Wenziwe wakaitika, "Asante kwa pumzi." Akasema tena. Wakaitika tena. Makofi yakaingia polepole, sauti zikapanda, zikashuka, maneno yakabaki yale yale matatu. Ikifika pahala wananyamaza, wote kwa pamoja, wanakaa kimya. Halafu wanakunywa uji wa ndimu, wanakwenda zao.

Hakuna fulana. Hakuna lori la kuwaleta. Hakuna sufuria hata moja zaidi ya ile ya uji, na uji wenyewe waliuchangia.

Serikali ikashtuka. Ilituma wapelelezi watatu, na kila mmoja akaleta taarifa yake. Wa kwanza aliandika kwamba wale watu wanafanya mazoezi ya kugoma, maana mgomo huanza na kurudia neno. Wa pili aliandika kwamba wanafuga nyuki kwa siri na wanawaimbia wasiume. Wa tatu, aliyesoma ng'ambo, aliandika kurasa arobaini kwamba sauti ile ikifika kiwango fulani itapasua vioo vya Benki Kuu, akashauri vioo viondolewe. Viliondolewa. Mvua ikanyesha ndani ya benki wiki nzima.

Hapo ndipo Waziri wa Shangwe, Mheshimiwa Profesa Mapambio, alipomwita Fikirini ofisini.

"Ndugu Mkaguzi!" alianza Waziri. Alikuwa na mtu mmoja tu mbele yake, lakini alizungumza kama uwanja umejaa. "Katika zama hizi za maendeleo endelevu ya kuendeleza uendelevu, binadamu hafungui kinywa bure! Akifungua, ama amelipwa, ama ametishwa, ama ana njaa. Hii ni elimu ya jamii, na nimeisomea. Je, hawa wamelipwa?"

"Haionekani, Mheshimiwa."

"Wametishwa?"

"Na nani, Mheshimiwa? Wa kutisha si sisi tu?"

"Hasa! Ndiyo maana nasema wapo wanaotumwa, na wanaotumwa wana anayewatuma. Lete jina lake. Siku saba. Katapila nimeshaliegesha nje ya ghala lao. Ukileta jina, tunamkamata mwenye jina, ghala linabaki. Usipoleta, tunabomoa ghala, na wewe unarudisha bendera."

Fikirini alirudi nyumbani ameinamisha masikio. Mkewe, Mama Shani, alikuwa anachambua mchele.

"Baba Shani," alisema baada ya kumsikiliza, "na kama hakuna anayewatuma?"

"Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Mbona mimi natumwa?"

Mama Shani akarudi kwenye mchele wake.

*

Siku ya kwanza Fikirini alikwenda ghalani kwa kujificha. Alivaa kofia ya ukindu, akabeba mizani, akajifanya mnunuzi wa pamba. Alikaa nyuma kabisa, akasubiri mpaka walipomaliza, ndipo akamsogelea Bi Mashavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa serikali?"

"Hapana, mama! Mimi nanunua pamba."

"Ahaa. Siku hizi serikali inanunua pamba," alisema Bi Mashavu bila kinyongo. "Karibu uji."

Fikirini akaona hila imekwisha, akatoa fomu kutoka ndani ya kofia. Ilikuwa Fomu Namba Themanini na Nane, ya Watu Wanaopiga Kelele.

"Mnalalamikia nini?" alisoma.

"Hatulalamiki."

"Mnaomba nini?"

"Hatuombi."

"Mama, hapa pana visanduku viwili tu. Sauti yote ile ya nini?"

"Tunashukuru."

"Mnamshukuru nani?"

"Mwenye pumzi."

Fikirini alikuna sikio. Pumzi, kwa mujibu wa katiba, ilikuwa chini ya Wizara ya Hewa na Upepo. "Waziri wa Hewa ana habari?"

"Sijui, mwanangu. Ukimwona msalimie."

Aliandika. Kisha akauliza lile lililomkereketa tangu mwanzo, maana alijaribu kuhesabu akafika mia tatu na arobaini, akapotea. "Mama, mnasema jambo moja mara elfu. Huyo mnayemwambia, hasikii?"

Bi Mashavu akacheka, tumbo likatikisika. "Leo tangu uamke umevuta pumzi ngapi?"

"Sijahesabu."

"Basi na sisi hatuhesabu. Kunywa uji, unapoa."

Fikirini akanywa. Ulikuwa na ndimu ya kutosha. Akauliza la mwisho: ibada hukoma saa ngapi, na nani anatoa amri ya kukoma.

"Ikiiva," alisema Bi Mashavu.

"Ikiiva nini?"

"Yenyewe. Wewe kwenu ugali mnaupika kwa saa?"

"Mke wangu husikia kwa mwiko. Ukiwa tayari mkono unamwambia."

"Haya. Si umeshajibu?"

Jibu hilo halikuwa na kisanduku. Fikirini aliandika pembeni, kwa penseli: *Hukoma ikiiva. Uchunguzi unaendelea.*

*

Uchunguzi ukaendelea kweli. Siku ya pili na ya tatu Fikirini hakusikiliza tena maneno, alitafuta bendera. Mtu wa kazi yake hawezi kuamini kwamba watu sitini na watatu watanyamaza kwa mpigo mmoja bila kuoneshwa kitu. Alitazama vidole vya Bi Mashavu. Alitazama nyusi za mwalimu wa hesabu. Alimshuku kinyozi mmoja aliyekuwa akipiga chafya, akamfuatilia, akakuta ana mafua. Alifunua hata magunia akitafuta waya, akakuta mende, naye mende hakuwa na la kusema. Kila alfajiri sauti ilipanda, ikajaa, ikatulia. Kimya. Hakuna aliyeonesha kitu, na hakuna aliyechelewa.

Siku ya nne alifumba macho, akaamua kutumia masikio yake ya taifa. Alitafuta kofi la fulana. Halikuwapo. Akatafuta kofi la pilau, akakosa. Akatafuta la woga, lile kavu, ambalo kwa kawaida hulisikia hata arusini, hata kwenye mahafali ya chekechea. Wapi! Palikuwa na kofi jingine, si kubwa, lina uzito wake na lina nafasi yake, kila mtu na lake, na bado yanakwenda pamoja. Ikamchukua muda kulitambua kwa sababu hakuwahi kukutana nalo ila kwenye mwongozo, ukurasa wa tisini na mbili, mistari miwili, bila mchoro.

Akashtuka kuna jingine la namna ile linatoka karibu mno. Akafumbua macho kuona ni nani. Ilikuwa mikono yake.

Jamani, mtu huyu alilia. Mtu mzima, na cheo chake, na fomu yake mapajani, akalia machozi yakachuruzika mpaka kwenye Kisanduku B. Miaka kumi na tisa alikuwa amewaamuru watu wafurahi, na yeye mwenyewe hakuwahi kupiga kofi moja, kwa kuwa mikono ilikuwa na bendera. Alimwonea huruma yule Fikirini wa miaka yote ile kama anavyomwonea mtu wa kando. Mama wa sokoni aliyeketi jirani akampa ncha ya kanga ajifute.

Siku ya saba alipeleka fomu. Penye "Jina la Anayewatuma" aliandika: *Hayupo.*

"Hayupo," alisoma Profesa Mapambio, akikunja uso. "Hili jina la watu wa wapi? La kaskazini?"

"Namaanisha hakuna mtu, Mheshimiwa. Hawatumwi. Wanakuja wenyewe."

Waziri alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Fikirini akajua bwana anafikiri, kwa kuwa haikuwa desturi yake na ilimpa shida ya miguu. Halafu uso ukamnawiri.

"Unaniambia wapo raia wanaopaza sauti bila fulana? Bila lori? Bila pilau?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ndugu yangu, hao si maadui. Hao ni rasilimali!" Akapiga meza. "Siku ya Shangwe ni Jumamosi. Waje uwanjani, waimbe mbele ya Mtukufu Mkuu wa Nchi, kabla ya hotuba. Dakika tatu! Kijani waanze, nyekundu wakome. Wakikoma kwa bendera yetu, ni watu wetu, ghala tutalipaka rangi. Wasipokoma," akashusha sauti, "ni watu wa mwingine. Saa hiyo hiyo napiga simu, katapila linawashwa."

*

Bi Mashavu aliusikiliza ujumbe wote huku akipepeta majani ya chai.

"Kuimba tutaimba," alisema. "Hata jikoni kwa waziri tutaimba. Kukoma kwa kitambaa ndiko hatukujui."

"Dakika tatu tu, mama. Nyekundu ikipanda, mnyamaze. Mkirudi hapa mtaendelea mpaka iive, hata wiki nzima. Nakuomba. Litabomolewa ghala."

"Nimesikia."

"Mtakwenda wapi? Mvua ziko karibu, mama. Kuna wazee humu."

"Mwanangu Fikirini," alisema Bi Mashavu, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Hao wazee mimi ndiye ninayejua nani anakohoa na nani goti linamuuma. Usidhani sijali. Lakini nikikatisha asante ya watu ili nimpendeze mtu, ghala litakuwa limepona kitu gani? Mabati tu." Akapepeta tena. "Halafu unaniomba mimi. Bendera si unashika wewe?"

Fikirini hakulala vizuri tangu siku hiyo hadi Jumamosi. Mama Shani alimwambia pole, akamkanda mabega kwa maji ya moto, na hakumshauri chochote, jambo lililomtisha zaidi.

*

Jumamosi asubuhi uwanja ulifurika watu elfu arobaini, walioletwa kwa malori mia nne. Kijani kilipandishwa, makofi yakapigwa. Nyekundu, yakakatika. Kijani tena, Mtukufu akaingia, akaketi kwenye kiti chake chenye ngazi, akainua mkono nusu, kama ilivyo katika picha zake zote.

Waitikaji wakaingia na magunia yao. Maofisa walikuwa wamewagawia fulana zenye uso wa Mtukufu. Bi Mashavu aliwashukuru sana, maana ni watu wa kushukuru, na kwa kuwa nyasi zilikuwa na umande na magunia hayakutosha, wasiokuwa na gunia wakazikunja fulana vizuri na kuzikalia. Profesa Mapambio alifumba macho. Alipofumbua, bado walikuwa wameukalia ule uso.

Fikirini akainua kijani.

"Asante kwa pumzi," alisema Bi Mashavu, na kayamba likaitika kabla ya watu.

Uwanja mzima ulikodoa macho. Kwenye majukwaa ya wageni, balozi mmoja alimnong'oneza mwenziwe kwamba huu ni wimbo wa mavuno. Mwenziwe akasema hapana, ni wa msiba, yeye anajua. Jenerali mmoja akashika bastola, kwa tahadhari tu. Watu wa malori walitazamana: wimbo gani huu hauna jina la mtu ndani yake?

Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili. Ikafika ya tatu, na Profesa Mapambio, simu mkononi, akamtolea Fikirini macho.

Mkono wa Fikirini ukaenda kwenye nyekundu, maana mkono una mazoea. Ukaishika. Akatega masikio. Haijaiva. Ilikuwa bado mbichi, imeanza tu kushikana. Kuikata pale ni kuwapa watu unga kwenye sahani. Akaliona katapila. Akawaona wazee na mvua. Akaliona na jukwaa lake dogo, nyumba ya serikali, Shani na ada yake ya shule. Alitaka kuinua, nisiwadanganye. Alitaka sana.

"Bendera!" alifoka Waziri kwa mnong'ono. "Mandondo! Bendera!"

Fikirini akaiviringisha bendera nyekundu, akaiweka kwapani, akabana.

Wimbo ukaendelea. Wa kwanza kuudaka walikuwa watu wa upande wa masufuria, ambao hata hawakugeuka kuangalia pilau. Kisha upande wa fulana. Kisha wapagazi, kisha wauza maji, kisha askari waliozunguka uwanja, midomo ikicheza chini ya kofia. Watu elfu arobaini, asante kwa pumzi, asante kwa pumzi, na Fikirini juu ya kijukwaa chake akisikia kofi lile la mistari miwili likitoka kila upande, akawa anacheka na kulia kwa pamoja bila kuona haya.

Ikapanda. Ikajaa. Ikaiva.

Na uwanja ukanyamaza.

Nchi ile haikuwa na kimya. Ilikuwa na vipaza sauti kwenye kila nguzo na bendi kwenye kila ofisi. Sasa ilisikika kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Mtoto alipiga chafya jukwaa la mwisho na watu wa jukwaa la kwanza wakamsikia. Dakika moja, mbili, nne.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu!" alinong'ona Profesa Mapambio, jasho likimtoka. "Tumekwisha! Wametupindua!" Na akaingia chini ya kiti, akiwa na simu yake.

Mtukufu alikuwa bado kaketi na mkono wake nusu. Taratibu akaushusha. Akafumba macho. Wasaidizi wakadhani amefariki, wawili wakaanza kugombea kiti. Kisha akafumbua, akasimama, akakunja ile hotuba ya saa tatu, akaitia mfukoni.

"Nendeni mkale," alisema, akaondoka.

Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote katika historia ya taifa. Magazeti yaliichapa kesho yake, pamoja na kurasa kumi na mbili za wachambuzi wakieleza maana yake.

*

Alfajiri ya Jumapili Fikirini aliitwa Ikulu. Mama Shani alimfungashia sweta, dawa ya meno na sahani ya bati, vitu vya jela. "Ulifanya vizuri," alimwambia mlangoni. Njiani gari lilipita Mtaa wa Viwandani. Katapila lilikuwa limeshawashwa linanguruma mbele ya ghala, likisubiri amri ya kubomoa, na Waitikaji walikuwa ndani, wanaimba.

Mtukufu alikuwa peke yake kwenye chumba kikubwa, miguu mitupu, viatu kando. Bila viatu alikuwa mfupi.

"Jana waliponyamaza," alisema, "walikuwa wananichukia?"

"Hapana, Mtukufu."

"Kwa hiyo walikuwa wananipenda."

"Hapana, Mtukufu."

"Sasa mbona sikuelewi? Mimi watu hunichukia au hunipenda. Ninazo ripoti. Walikuwa wananiwazia nini?"

Katika nchi ile yalikuwapo maneno mengi ya kumfunga mtu, na baadhi yameorodheshwa kisheria, lakini hili Fikirini alilotaka kulisema halikuwamo hata kwenye orodha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kudhani linaweza kusemwa.

"Hawakuwa wanakuwaza, Mtukufu."

Mtukufu aliangalia vidole vya miguu yake.

"Dakika ngapi?"

"Kama nne hivi, Mtukufu."

"Nne," alisema Mtukufu. Sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida, labda mjomba wa mtu. "Hata mimi, Bwana Mandondo. Dakika nne zote sikujiwaza. Miaka ishirini na miwili sijapumzika namna ile."

Halafu akakumbuka yeye ni nani, akavaa viatu, akamfukuza Fikirini kazi.

Fikirini aliinama kushukuru. Alifika mlangoni, akasimama. "Na ghala, Mtukufu?"

Mtukufu hakugeuka. "Lisiguswe," alisema. "Watafute sababu."

Baraza la Mawaziri likakaa siku mbili kutafuta sababu. Katika nchi ile kubomoa hakukuhitaji sababu. Kuacha ndiko kulikohitaji, na hapakuwa na mfano wa nyuma wa kufuata. Hawangeweza kusema ni nyumba ya ibada isiyomtaja Mtukufu. Hawangeweza kusema Mtukufu alipumzika. Mwishowe Profesa Mapambio, bado ana vumbi la chini ya kiti kwenye suti, alikumbuka taarifa ya zamani kwamba darini mna popo. Gazeti la serikali likatangaza: ghala la Mtaa wa Viwandani ni makazi ya popo adimu, fahari ya taifa, na ni marufuku kuwasumbua wanapolia.

Katapila likaondoka. Bango likapigiliwa mlangoni, lina picha ya popo anayetabasamu. Fikirini na Mama Shani walipanga vyumba viwili vya uani mtaa huo huo, Mama Shani akafungua genge la nyanya na vitunguu, na mumewe akamsaidia kupima, maana mizani alikuwa nayo.

Wageni wakaanza kuja na darubini. Husimama nje ya ghala, adabu tele, wakinong'onezana, wengine wamevua kofia. Juzi alikuja mtaalamu wa Idara mpya ya Popo, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni. Alisikiliza kwa makini, akaandika kwamba popo wa hapa hulia kwa zamu, mmoja hutoa na wengine huitika, na hunyamaza wote kwa pamoja pasipo ishara yoyote inayojulikana na sayansi. Halafu akamwona Fikirini anapita kwenda ndani.

"Samahani, mzee. Wewe ni wa hapa. Unajua wanalilia nini?"

"Hawalii," alisema Fikirini. "Wanashukuru."

Kijana alitikisa kichwa kwa heshima kubwa. Akatoa kalamu nyingine, nzuri zaidi, akaandika polepole ili asikosee: *Popo hawa huishukuru serikali.* Akapiga mstari chini yake.

Fikirini alifungua kinywa amsahihishe, akamwangalia, akamhurumia, akaacha. Akaingia ndani akatafute gunia, kwa sababu walikuwa wameshaanza.